Goli la Migombani

Wale mnaonifuata tangu mwanzo mnajua niliwaachia wapi: nyuma ya pikipiki ya Yahaya, tunateremka mlima kwenda Mwanga, nimejaza mdomo maneno makali na sina pa kuyatemea.

Na wewe uliyeletewa gazeti hili likiwa limefungia maandazi, usijali. Kula, nakueleza.

Mimi ni Tumainieli wa Irama, kijiji cha huku juu ya Same. Wananiita Tume, kwa sababu jambo lolote likiharibika nadai iundwe tume. Shule niliishia la saba. Mengine nimejifunza kwa kusoma magazeti na kwa kutolewa nje kwenye mikutano. Sisahau. Nakumbuka aliyekula mabati ya zahanati, na nakumbuka rangi ya nyumba aliyoyaezekea.

Mimi ndiye mpiga pembe wa kijiji. Pembe ikilia, kila nyumba inatoa mtu na jembe, tunafanya msaragambo, kazi ya wote: mfereji, barabara, darasa. Unapimiwa kipande chako kwa kamba, unakimaliza, unarudi nyumbani. Nani kaamua na kwa nini, huulizi. Anayeuliza tunamhesabu mvivu.

Kwa msaragambo tulimchimbia Abednego kiwanja.

Sisemi kiwanja cha kijiji. Nasema tulimchimbia yeye. Cha zamani kilikuwa kifupi, ligi ya mkoa isingekikubali, na sisi tulikuwa na mshambuliaji ambaye watu wa Same walipanda mlima kuja kumtazama. Mama yake, Evaline, mjane, akatoa sehemu ya shamba lake la migomba. Nikapiga pembe. Upande wa barabara tukakata mlima, upande wa migomba tukajaza udongo. Msimu ule mtoto akafunga mpaka makipa wa wilaya nzima wakawa wanamwamkia shikamoo.

Halafu mkataba ukaisha. Asubuhi yake, akiwa mchezaji huru, akachukua begi, akashuka mlima, akasaini timu ya Mwanga. Hakuaga. Simu akaizima.

Mimi ndiye niliyechoma jezi yake. Video mmeiona, imezunguka kwenye makundi yote. Mimi ndiye niliyepiga kelele, "Kanunuliwa!"

Na kelele yangu ikazaa tangazo la Melkizedeki, mwenyekiti wa kijiji na mwenyekiti wa timu, kofia mbili kichwa kimoja: Jumapili tukutane kiwanjani, mama yake Abednego atengwe. Kwetu aliyekula jasho la msaragambo akatugeuzia mgongo, nyumba yake haipewi zamu ya maji ya mfereji, haiombi moto kwa jirani, na siku ya msiba haipati bega la kubeba jeneza.

Hapo nikashtuka. Mimi nilimtaka mtoto, sikumtaka mama. Ndiyo maana nilipanda pikipiki ile, nikamvute Abednego kwa sikio aje ajibu mwenyewe.

Sasa tunaendelea.

*

Yahaya ana duka la vipuri pale Same mjini. Ni shabiki wetu tangu tunacheza peku.

"Tume," akasema bila kugeuka, "ukimkuta utamwambia nini?"

"Nitamwambia, msaliti wewe."

"Halafu?"

"Halafu nini? Si nimemaliza."

"Mafuta yote haya kwa neno moja? Si ungemtumia meseji!"

Upepo wa barabara kuu unakausha hata matusi.

Nilitegemea kumkuta Abednego kwenye nyumba ya vigae. Nilimkuta uani, nyuma ya vyumba vya kupanga, amekalia ndoo iliyogeuzwa, anafua jezi za mazoezi za timu nzima. Chumba chake kilikuwa wazi. Godoro moja chini, na juu ya godoro kijana mmoja mrefu anakata kucha. Huyo ni Rodrick, kipa wao wa akiba.

"Karibuni wazee," Rodrick akasema. "Mnamfuata huyu? Mchukueni, na benchi lake mbebe."

"Benchi?" nikauliza. "Abednego anakaa benchi?"

"Tunakaa pamoja. Mimi nina zamu ya katikati, yeye mwishoni."

Abednego akasimama, akajifuta povu kwenye kaptula.

"Shikamoo, baba mdogo."

Ananiita hivyo kwa sababu Naftali, marehemu baba yake, alikuwa ndugu yangu kwa kila kitu isipokuwa tumbo. Yeye kipa, mimi beki wa kulia. Sikutaka kuitikia. Lakini shikamoo huwezi kuiacha hewani, hata ya msaliti.

"Marahaba," nikasema kwa ukali. "Gari liko wapi?"

"Gari gani?"

"Gari ulilonunuliwa."

Rodrick alicheka mpaka akashika ukuta. "Gari! Mazoezini anakwenda kwa mguu, na soksi ni zangu!"

"Basi ni mwanamke," Yahaya akasema. "Sema tu, kijana. Sisi watu wazima."

"Hakuna mwanamke, mzee Yahaya."

"Hakuna hela, hakuna mwanamke, na hachezi," Yahaya akanigeukia. "Tume, huyu kanunuliwa kwa sabuni?"

Hapo nikapandisha sauti. Nikamkumbusha mechi ya mwisho, ile ya kupanda daraja. Kipindi cha pili tulikuwa tunashambulia goli la migombani. Mipira inakatiza mbele ya lango kama kuku wasio na mwenyewe, na yeye kasimama nje ya boksi, mikono kiunoni. Mguu hakutia ndani ya mstari. Mpira mmoja hata mimi na goti langu bovu ningefunga.

"Uliuza mechi, Abednego! Mbele ya mama yako uliuza mechi!"

Abednego akamwambia Rodrick aende akanunue sabuni. Rodrick akasema sabuni ipo. Akaangaliwa. Akaenda.

"Baba mdogo," Abednego akasema, "baba yangu mlimzika wapi?"

"Unaniuliza mimi? Si nilimbeba? Yuko migombani, nyuma ya goli, penye isale."

Isale kwetu ni mmea wa mpaka na wa kaburi. Watu wasio na saruji, na Evaline hakuwa nayo, hupanda isale kichwani kwa marehemu na kupanga mawe. Isale haing'olewi. Hata watu wawili wanaogombea shamba mpaka wakauza ng'ombe kulipia kesi, na Wapare tunajijua kwa kesi, wakifika penye isale wanasimama.

"Niliigusa isale ile kabla ya kila mechi," akasema. "Msimu mzima. Mliniona."

"Tulikuona. Tulisema mtoto ana adabu."

"Masika yale, kabla ya mechi ya mwisho, mvua ilifumua udongo wa boksi. Nilikuwa peke yangu, najifunza penalti. Naweka mpira, naona kitu cheupe chini. Nikakwangua kwa njumu. Jiwe."

Akaniangalia.

"Siku ya kumzika nilikuwa mdogo. Nilikwenda mtoni nikachukua jiwe jeupe, nikaliweka kichwani kwake. Wewe ndiye uliyenishika mkono, nisitumbukie."

Nilikumbuka. Bahati yangu mbaya ni hiyo, nakumbuka. Jiwe jeupe lenye mshipa wa rangi ya kutu. Mkono wake ulikuwa wa baridi ya mto.

"Ndilo?"

"Ndilo. Penye alama ya penalti. Isale iko nyuma ya goli, baba yuko ndani ya boksi."

"Innalillahi," Yahaya akasema, akakaa chini kwenye ngazi.

"Baba alikuwa kipa," Abednego akasema. "Penalti zote zile nimempigia yeye, amelala chini ya mpira. Nikifunga nashangilia juu ya kifua chake, na nyie mnaimba."

Nilitafuta ukali wangu wote niliotoka nao nyumbani. Haukuwepo.

"Nani alihamisha isale?"

Akaokota jezi, akaanza kuikamua.

"Nakuuliza, nani?"

"Waache waseme nilinunuliwa."

"Abednego, mimi nitaunda..."

"Usiunde tume, baba mdogo. Nakuomba. Pale siwezi kucheza, na sababu siwezi kuisema. Nilibakiwa na kuondoka tu. Mkataba ulipoisha nilishukuru Mungu. Waseme hela, waseme mwanamke, hayo mimi nayabeba. Hili likitoka, kuna mtu hatainua uso tena Irama."

"Na unajua Jumapili wanamtenga mama yako?"

Jezi ikaanguka kwenye tope. Hakuwa anajua. Alizima simu ili asisikie matusi yetu, na hili nalo likampita.

"Kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yako."

Nilidhani atasema, basi twende, nikaseme ukweli. Alichosema ndicho kilichonimaliza:

"Mwambie asiseme. Hata wakimtenga, asiseme. Nitakuja kumchukua akae na mimi hapa."

Nikaangalia lile godoro. Na mimi ambaye husoma kila kitu mpaka tangazo la mwisho, hapo ndipo niliposoma jina la aliyeng'oa isale.

Akataka kupanda na sisi. Nikamkatalia. Watu nilikuwa nimewawasha mwenyewe kwa video yangu, wangemrarua kabla hajafungua mdomo.

Tulipofika Same, Yahaya akasimama kuswali. Alipotoka msikitini akaniambia jambo moja tu: "Tume, mimi leo sikwenda popote."

*

Nilimkuta Evaline barazani, anapembua maharage ya makande kwenye ungo.

"Karibu, shemeji. Umemkuta anakula?"

"Anakula."

"Amekonda?"

"Hajakonda."

"Shemeji, wewe kusema uongo hujui. Umezoea kupiga kelele." Akasogeza kigoda. "Kaa."

Nikakaa. Nikasema neno moja tu: "Isale."

Mikono yake ikasimama juu ya maharage. Kuku wa jirani akaja akadonoa ukingoni mwa ungo, naye hakumfukuza.

"Kabla ya msaragambo ule, Melkizedeki alikuja hapa asubuhi moja, kavaa koti," akaanza. "Akasema wapimaji wa ligi wanakuja, kiwanja hakitoshi, na pa kuongeza ni kwangu tu. Nikamwambia, Mwenyekiti, pale yupo Naftali. Akasema anajua. Akasema, 'Mama, marehemu hachezi. Anayecheza ni mtoto. Timu ikitolewa kwenye ligi, nani atamwona? Atazeekea kwenye tangawizi kama sisi.'"

"Akakwambia uhamishe isale."

"Hakuniambia! Ndio ufundi wa mtu yule, hasemi. Alisema, 'Watu watasawazisha mpaka penye isale. Isale hawataivuka.' Akanywa chai yangu, akashukuru, akaondoka."

Mwenyekiti yule namjua tangu akiwa katibu. Hakuna jambo baya alilowahi kulifanya kwa mkono wake.

"Nikaing'oa mwenyewe, nikaipanda kule nyuma," Evaline akaendelea. "Nikadhani itakauka, nionekane. Ikashika, shemeji. Ikachipua kama kwamba nimeifanyia wema. Kisha wewe ukapiga pembe."

"Mimi sikujua."

"Najua hukujua. Kipande kile cha kaburi nilikiomba mwenyewe. Sikutaka jembe la mtu mwingine limguse. Nikasawazisha mawe, nikamwagia udongo. Mlikuwa mnaimba, na mimi nikaimba."

Nilikumbuka. Aliimba kuliko wote. Na mimi, mpumbavu mwenye pembe, nilimsimamisha mbele ya watu nikasema, "Jifunzeni kwa mama huyu!"

"Nitasema kila kitu Jumapili," nikamwambia. "Melkizedeki atalala porini."

"Hutasema."

"Shemeji, watakutenga!"

"Nitengwe. Maji nitachota bondeni. Moto nina kiberiti."

"Tangawizi yako itakauka yote."

"Ikauke."

"Na siku yako ya kufa? Nani atakubeba?"

"Wewe na Yahaya. Mtanifunga kwenye pikipiki."

Nilicheka bila kutaka, naye akacheka, kisha akanishika mkono kwa vidole vyenye vumbi la maharage.

"Shemeji, kutengwa nitaweza. Lakini wakishajua, nitakuwa mwanamke aliyemzika mumewe mara mbili. Watoto watanionyesha kidole njiani. Mtoto wangu amekubali kuitwa msaliti ili mimi nisiitwe jina hilo. Usimwangushe."

Nikaapa. Mimi, Tumainieli, mdomo wa Irama, nikaapa kunyamaza.

*

Jumapili kiwanja kilijaa kama siku ya fainali. Meza ya Mwenyekiti ikawekwa katikati, na kitambaa cha maua. Evaline alikaa chini peke yake mbele ya wote, ndivyo anavyokaa anayeshitakiwa. Miguu ameinyoosha, kanga ameitandaza kuanzia mapajani mpaka nyayoni.

Mimi nilikaa na pembe yangu magotini. Kwa desturi mimi ndiye ninayefungua mkutano, hata nisipoombwa.

"Tume leo vipi?" Asteria akapaza sauti. Asteria ni mwanamke mwenye shamba linalopakana na kiwanja na ulimi usiopakana na chochote. "Kameza pembe?"

Watu wakacheka.

Melkizedeki akasimama. Koti lile lile.

"Ndugu zangu, mimi na mama huyu hatuna ugomvi. Ni mtu mwema. Lakini jasho la msaragambo si la mtu mmoja. Tulimchimbia mwanawe kiwanja hiki, na mwanawe ametugeuzia mgongo. Tukilinyamazia hili, kesho nani ataitika pembe?"

"Mgongo wangu mpaka leo haujanyooka!" Asteria akasema. "Nilibeba udongo hapa kama punda, kijana akaupeleka Mwanga!"

"Tumainieli," Melkizedeki akaniita kwa upole. "Wewe ndiye uliyetufumbua macho. Tufungulie."

Nikasimama. Maisha yangu yote nimekuwa na maneno na sina ushahidi. Siku hiyo nilikuwa na ushahidi na sina ruhusa ya maneno. Nikamwangalia Evaline. Akatikisa kichwa kidogo sana.

"Mimi," nikasema, "naomba iundwe tume."

Kiwanja kikalipuka kwa kicheko.

"Tume ya nini?" Melkizedeki akauliza, naye anatabasamu. "Video yako si tumeiona wote?"

Wakacheka zaidi. Nikakaa. Sijawahi kukaa chini kwa aibu namna ile, na nimekalishwa na wengi, wakiwemo polisi.

"Basi tusichoshane," Mwenyekiti akasema. "Wanaokubali mama huyu atengwe, wanyooshe mikono."

Mkono wa Asteria ulikuwa wa kwanza. Kisha mwingine. Kisha ikawa mingi, mbele, nyuma, hata watu waliokula makande kwake wiki ile ile. Nikaona mkono wa mtu ambaye mkewe alikuwa mgonjwa na Evaline ndiye aliyemwogesha.

Evaline akageuka, akaitazama mikono ile mmoja mmoja. Sijui aliona nini. Labda aliona kwamba mwanawe amejitupa bure, na yeye ananyamaza bure, na mwenye koti anatabasamu.

Akasimama. Kumbe chini ya kanga, kando ya miguu, alikuwa amelaza jembe.

Akapita katikati yetu. Hakuna aliyemzuia, tulidhani anakimbilia kwake. Akavuka mstari wa kati, akaenda mpaka goli la migombani, akaingia ndani ya boksi. Penye alama ya penalti akajifunga kanga kiunoni. Akainua jembe.

Tukasikia mlio wake kwenye udongo. Tukasikia tena.

"Anaharibu kiwanja!"

"Mama kachanganyikiwa!"

"Mshikeni, jamani!"

Hakusema kitu. Alikuwa anachimba kama mtu aliyepimiwa kipande chake na anataka kukimaliza kabla ya mvua.

Hapo nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona: Melkizedeki anakimbia. Meza ikaanguka, koti likapepea nyuma yake.

"Mama Abednego! Acha! Kaburi halifukuliwi bila kibali! Utafungwa!"

Jembe likasimama hewani.

Mikono iliyokuwa imenyooka ikabaki imenyooka, wenyewe wameisahau.

"Kaburi?" Ilikuwa sauti ya Asteria. "Kaburi lipi, Mwenyekiti?"

Jicho la Melkizedeki likakimbilia isale, kule nyuma ya goli. Sote tukaitazama isale. Kisha tukatazama pale aliposimama Evaline. Kutoka pale mpaka kule ni mwendo.

"Si alizikwa kule?" mtu akasema.

"Isale ile niliihamisha mimi," Evaline akasema, ametupa mgongo. Hakupaza sauti, upepo ndio uliotuletea. "Naftali yuko hapa. Mwenyekiti alijua, akanywa chai yangu. Mwanangu alipojua, akashindwa kumkanyaga baba yake, akaondoka. Hakununuliwa na mtu. Sasa nampeleka mume wangu nyumbani. Mkishamaliza kushangaa mnitenge."

Nilidhani watalia. Mtu mmoja alilia. Lakini mwingine akapiga ukelele, "Tumecheza juu ya maiti!" Na mwingine, "Laana! Ndiyo maana watoto wanaugua!" Sauti zikaanza kupanda, na watu wakaanza kusogea, na hawakuwa wanasogea kwa Melkizedeki. Walikuwa wanakwenda kwa Evaline. Nimeongoza makundi mengi yenye hasira, najua yanavyopumua kabla ya kupiga. Hili lilikuwa limevuta pumzi.

Nikaona kijana mmoja wa timu ameinama. Alipoinuka alikuwa na jiwe.

Ningesema nini? Wasingenisikia. Maneno yangu nilishayatumia yote kumchomea mtoto jezi.

Nikaweka pembe mdomoni.

Pembe haiulizwi. Irama ikiisikia, miguu inaondoka kabla ya akili kufika. Nilipuliza mlio wa msaragambo, ule mrefu, kwa pumzi yote niliyobakiwa nayo. Wakasimama. Yule kijana akautazama mkono wake kama si wake, akaachia jiwe. Asteria akajipapasa begani kutafuta jembe lake. Wazee wakaanza kugeuka kuelekea majumbani, kama siku zote, bila kujua wanafuata nini.

Pembeni ya goli kuna banda dogo la bati tunamoweka vifaa vya kiwanja. Mlango wake ukafunguliwa kwa kishindo. Kwa jicho moja nikaona nani ameingia.

Alikuwa Melkizedeki. Akatoka ameshavua koti, mkononi ana jembe.

Hakumtazama mtu. Akaenda moja kwa moja ndani ya boksi, nyuma ya Evaline, ambaye alikuwa ameinama na mikono kwenye udongo, analitoa lile jiwe jeupe. Nilikuwa bado napuliza, siwezi kuita. Nikamwona amepanua miguu. Uso wake sikuuona. Sikujua kama jembe lile limekuja kuchimba, au limekuja kufukia, au limekuja kwa Evaline.

Likapanda juu.